Kepu Moja, Morisi Tatu

Nyumbani kwetu Ijumbi tulijifunza kuhesabu vibaya. Mtoto wa kwetu alipoanza kutamka namba hakusema moja, mbili, tatu, nne. Alisema moja, tatu, nne, mbili, kwa sababu ndivyo alivyomsikia Tata, baba yetu, akihesabu kila alipofungua boneti ya Morisi. Huo ndio mpangilio wa moto katika injini ile: plagi ya kwanza, kisha ya tatu, kisha ya nne, mwisho ya pili. Ukikosea, gari linakohoa, linatoa mlio kama bunduki, wala haliendi popote. Nilipoanza darasa la kwanza mwalimu aliniita mbele nihesabu vijiti, nikahesabu kama gari, nikachapwa. Darasa zima lilicheka. Aliyecheka kuliko wote alikuwa binti mmoja wa Izigo ambaye alikuwa anakaa kwa shangazi yake pale kijijini kwetu, na tangu siku hiyo nilikuwa simpendi, nasema wazi.

Msinicheke na ninyi. Baba yangu alikuwa mwalimu, tena wa hesabu, kwa hiyo aibu ilikuwa mara mbili. Morisi aliipata miaka ile Uhuru ulipokuwa bado mbichi, bwana mmoja Mwingereza wa kilimo alipokuwa anafungasha kurudi kwao. Tata alitoa kahawa ya misimu miwili na ng'ombe mmoja, akarudi nyumbani na gari dogo la kijivu, kioo cha mbele kimegawanywa katikati kwa ufito wa chuma. Mama hakumsemesha kwa wiki nzima. Wiki ya pili alipelekwa misa akiwa amekaa kiti cha mbele, mambo yakaisha.

Siku hizo Bukoba kulikuwa na umoja wa wenye magari ya Kiingereza. Haukuwa na ofisi wala muhuri. Ulikuwa na daftari moja la shule na benchi mbele ya duka la vipuri. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kihindi, mzaliwa wa pale pale, ambaye aligombana na wateja kwa Kihaya kizuri kuliko Kiswahili changu. Na yeye alikuwa na Morisi, nyeusi, aliyoifuta kwa kitambaa cha flana kila asubuhi kabla hajafungua duka. Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya misa, wenye magari walikusanyika hapo: Landrova mbili tatu, Anglia moja, Ostini ya daktari msaidizi, na Morisi tatu. Waliyaosha mtoni Kanoni, kisha wakayapanga mstari na kupanda nayo hadi Kahororo, wakageuza, wakarudi wakipiga honi. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yote ya umoja, na watoto wa wenye magari tuliiona kubwa kuliko gwaride la Uhuru.

Baada ya hapo walikaa kwenye benchi na kubishana. Tata alishikilia kwamba Morisi yenye kioo kilichogawanywa ndiyo mkubwa wa ukoo, na hizo zenye kioo kizima ni wajukuu. Karani mmoja wa ushirika wa kahawa, mtu wa Izigo, ambaye Morisi yake ya bluu ilikuwa na kioo kizima, alimjibu kwamba mjukuu ndiye anayeona barabara yote. Karani huyo ndiye baba wa yule binti aliyenicheka. Walibishana jambo hilo hilo kwa miaka, na hakuna aliyechoka.

Halafu Azimio la Arusha likaja, na neno ujamaa likaingia kila mahali, hadi kwenye mahubiri. Jumapili moja katibu wa tawi, kijana mwenye kofia na maneno mengi, alisimama mbele ya benchi akauliza watu wazima wanafanya nini kung'arisha magari ya mkoloni wakati wenzao wanalima shamba la pamoja. Tata, ambaye mdomo wake ulikuwa mwepesi kuliko miguu yake, akamwambia kwamba ndugu katibu hajaelewa. Akasema hawa ni watu wa ujamaa wa vipuri. Hapa hakuna mwenye spea yake, kila chuma ni cha wote.

Ulikuwa uongo mtupu. Hadi siku hiyo hakuna aliyewahi kumwazima mwenzake hata nati. Lakini katibu alifurahi, akaandika kwenye kijitabu chake, akasema atarudi mwezi ujao kuiona hiyo mali ya pamoja kwa macho yake. Alipoondoka, mzee wa duka alimwuliza Tata kwa Kihaya kama ana akili timamu. Kisha wakaanza kutoa: huyu plagi, huyu mkanda wa feni, huyu jeki. Sanduku la mbao likajaa, likawekwa dukani, na katibu aliporudi alilikuta. Akawapongeza, na wao wakakwama na ujamaa wao.

Ili mtu asije akageuka, walitafuna kahawa. Kwetu watu wawili wakitaka kuwa ndugu wasiozaliwa pamoja hufanya omukago: tunda moja la kahawa hutoa punje mbili, huyu anatafuna moja na yule nyingine, zikiwa zimepakwa damu kidogo. Kuanzia hapo mmoja hawezi kumnyima mwenzake. Hawa walikuwa Wakatoliki wa kila Jumapili, kwa hiyo damu waliiacha. Mtu mmoja akashauri wapake oili ya injini. Mzee wa duka, ambaye hata nyama hakuwahi kula, akaomba kwa heshima zote atafune yake kavu. Wakatafuna kavu wote.

Miaka ilipokwenda, vipuri vikaadimika kweli. Meli zilikuja na chumvi, au hazikuja na kitu. Sanduku likabaki na misumari. Ndipo kepu zikaanza kupasuka. Kepu ni kifuniko cheusi, kikubwa kama ngumi, kinachogawa moto kwenda kwenye plagi nne. Ikiwa na ufa, asubuhi ya ukungu gari haliwaki, na sisi kwetu asubuhi zote ni za ukungu. Morisi zote tatu, yetu, ya karani na ya mzee wa duka, zilipasua kepu katika mvua za msimu mmoja. Dukani ilikuwa imebaki kepu moja mpya. Tata na karani waliifuata siku moja, wakakutana mlangoni, kila mmoja akijifanya amekuja kusalimia.

Mzee wa duka alikataa kuiuza. Aliiweka mezani juu ya flana yake akasema, "Nikimpa mmoja nimeua wawili." Kwa hiyo ikawa ya zamu. Wiki moja kwake, wiki moja Izigo, wiki moja Ijumbi. Ilisafiri ndani ya kopo la maziwa ya unga, imefungwa flana, ikipitishwa kwa baiskeli au kwa basi, na asiye na zamu aliliacha gari lake lilale chini ya turubai. Watu waliwacheka. Mimi pia niliona haya, maana nilikuwa nimefika umri wa kuona haya. Leo nikimfikiria mzee yule na meza yake natamani kumwinamia. Angeweza kuiweka kepu kwenye gari lake mwenyewe na hakuna ambaye angemlaumu.

Sasa nifike kwenye Ijumaa yangu. Nilikuwa nimemaliza shule, nimekaa nyumbani mwaka mzima nikipalilia kibanja chetu cha migomba, na nilikuwa nimeomba kusomea ukunga. Nilitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote duniani. Mama alipomzaa mdogo wetu wa mwisho mimi ndiye niliyemshikia mkunga wa kijiji beseni la maji, na nilipomwona mama yule akifanya kazi yake bila kelele, akijua mkono uende wapi, nilijua nami nataka kujua. Nilisubiri barua miezi. Ikaja Ijumaa mchana, imechelewa, kwa sababu ilikuwa imelala parokiani ndani ya kitabu cha ubatizo ambako mtu aliibana akaisahau. Ilisema usaili ni Bukoba, hospitalini, Jumamosi saa tatu asubuhi. Majina yatasomwa mara moja. Asiyekuwepo amepoteza nafasi, na hataomba tena.

Jumamosi ilikuwa kesho. Basi la Muleba lilikuwa juu ya mawe, likingoja tairi. Na kepu wiki hiyo ilikuwa Izigo, kwenye Morisi ya karani, kwa sababu Jumamosi hiyo hiyo karani alikuwa anamwoza binti yake. Yule yule. Vijiji vizima vilishajua kwamba bibi harusi atakwenda kanisani kwa gari, na ndugu wa mume walikuwa wamekwisha kujisifu.

Mama alimwambia Tata asiende kuwatia watu aibu. Huwezi kuingia kwenye nyumba ya harusi ukaomba gari la bibi harusi lifunguliwe moyo. Tata alichukua baiskeli akateremka Izigo. Alirudi giza limeingia, anaisukuma baiskeli mlimani, kopo la maziwa amelifunga kwenye keria. "Imepatikana," alisema, akala ndizi zake zilizopoa, akalala. Nilipaswa kumwuliza imepatikanaje. Nilipaswa kumwuliza binti wa watu atakwenda na nini. Sikuuliza, na sababu ya kutouliza ni kwamba niliogopa jibu. Nilitaka kwenda Bukoba.

Alfajiri Tata aliifunga kepu kwa haraka. Mtu aliyehesabu moja, tatu, nne, mbili kwa miaka yote hiyo, asubuhi ile moja akaziweka nyaya kama watoto wa shule wanavyohesabu, moja, mbili, tatu, nne. Gari lilipiga mlio, kuku wakatawanyika, moshi ukajaa uani. Akajaribu tena, na tena, akaanza kulaani betri. Mimi nilikuwa nimevaa gauni langu pekee zuri. Nikainama juu ya injini, nikazifuata nyaya kwa kidole nikihesabu kwa sauti, nikaona. Nilizichomoa nikazirudisha mahali pake, na injini ikashika. Tulikuwa tumepoteza karibu nusu saa, na kucha zangu zilikuwa nyeusi.

Tukateremka. Mvua ilikuwa imenyesha, barabara ni tope jekundu, Tata akiendesha ameuma midomo. Tulipokaribia Izigo nikaona wanawake wengi wanakuja mbele yetu, wanaimba, wamevaa za sikukuu. Katikati yao alikuwa bibi harusi. Gauni jeupe alikuwa amelikunja hadi magotini na kulifunga kwa kitenge, viatu vyeupe amevishika mkononi, miguu imejaa tope hadi juu ya vifundo. Alikuwa ametoka mapema ili awahi kanisani kwa mguu, na kanisa lilikuwa upande tuliotoka, nyuma yetu, zaidi ya saa mbili kwa mwendo wa miguu.

Tata alisimamisha gari. Hakuzima injini, nadhani hakuthubutu. Akatoka, akavua kofia, akawaambia wanawake wale kwamba tunageuza, bibi harusi aingie, tutamfikisha. Alisema vizuri, lakini hesabu ya saa aliijua kama mimi. Kugeuza, kupanda hadi kanisani na kurudi hapo kungekula saa nzima, na saa nzima hatukuwa nayo. Mimi nilikaa ndani nimeshika barua yangu. Sikutoka. Sikusema karibu uingie. Mungu anisamehe, nilikuwa naomba akatae.

Alikuja upande wangu akainama dirishani. Hatukuwa tumesemezana tangu shule. Alinitazama, akatazama kucha zangu, akasema, "Padre atanisubiri, na yule mwanamume atanisubiri. Wewe hakuna atakayekusubiri. Nendeni." Kisha akamwambia Tata, kwa upole kama anavyosema mtoto kwa mzazi, kwamba hakuitoa kepu ile jana ili irudishwe njiani. Hapo ndipo nilipojua. Baba yake alikuwa amekaa na Tata jioni ile bila kuweza kusema ndiyo wala hapana, wote wawili wamekumbuka kahawa waliyotafuna. Yeye binti ndiye aliyetoka nje, akafungua boneti mwenyewe, akaja na kopo.

Nilitaka kumwambia asante. Neno lenyewe ni fupi, lakini halikutoka. Tata alirudi garini, wanawake wakasogea pembeni, na nyimbo zao nikazisikia hadi tulipokunja kona. Njia yote ya kupita Kemondo hadi mjini Tata alisema jambo moja tu, kwamba yule binti ametuzidi.

Tulifika hospitalini majina yanasomwa. Niliingia uani nakimbia, gauni limerushiwa tope, na nikasikia jina linalotangulia langu. Halafu langu. Nikaitika kwa sauti kubwa hadi watu wakageuka. Sista mmoja mnene aliyetusaili alinishika mkono akageuza kucha zangu, akauliza mkunga gani huyu. Nilimweleza kuhusu nyaya nne na kepu. Hakucheka. Aliniuliza nilijuaje waya upi umekosewa, nikamwambia niliusikiliza mlio, kisha nikafuata mmoja mmoja kwa kidole bila kuvuta. Akaandika kitu kwenye karatasi yake. Nilichukuliwa, ingawa barua ya kusema hivyo ilikuja baadaye, na kazi hiyo nimeifanya hadi nilipostaafu. Watoto niliowapokea Muleba nzima sasa wana wajukuu, na kila mmoja wao ninamhesabu kama deni la shukrani kwa miguu ya mtu mmoja.

Lakini siku ile yenyewe haikuishia hospitalini. Tata hakutaka hata chai. Tuligeuza pale pale, na saa nane mchana tukawa tunaingia nyumbani kwa karani Izigo, katikati ya karamu. Rubisi, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa inazunguka, ngoma zinalia. Morisi ya bluu ilikuwa imesimama uani, maua yamefungwa kwenye milango na yamenyauka, boneti iko wazi. Maharusi walikuwa wapelekwe kwa mume, mbali, na hili sasa lingeweza kufanywa kwa gari. Karani alikuja, akamkumbatia Tata, na papo hapo akamwambia kwamba kile kioo kilichogawanywa leo kimekishinda kioo kizima. Nilimwona Tata akifuta macho kwa kofia.

Tata alitaka kuifunga kepu, lakini nilimwambia anipe mimi, mikono yake ya asubuhi sikuiamini tena. Nikainama. Bibi harusi alikuwa amekaa kiti cha nyuma, mlango wazi, miguu ameitoa nje kwa sababu tope lilikuwa bado limemkaukia na hakutaka kulichafua gari la baba yake. Alikuwa ameolewa na miguu ile ile. Nilipoanza kuzichomeka nyaya nikasikia sauti yake nyuma yangu, taratibu: "Moja, tatu, nne, mbili."

Niligeuka. Alikuwa anacheka kicheko kile kile cha darasa la kwanza. Akaniambia kwao pia walihesabu hivyo hivyo, wote, na siku ile niliyochapwa yeye ndiye aliyekuwa anafuata kuitwa mbele. Alicheka kwa furaha kwamba wameanza na mimi, maana aliwahi kupata nafasi ya kujirekebisha. Nilicheka hadi nikaegemea tairi. Miaka yote ile nimembebea kinyongo, kumbe tulikuwa watoto wa hesabu moja.

Pembeni ya gari kulikuwa na debe la maji ya kuongezea rejeta. Nililichukua. Nikapiga magoti mbele ya mlango, kwenye gauni langu la usaili, nikaushika mguu wake wa kushoto nikaanza kuuosha. Aliuvuta, akasema hayo ni maji ya gari. Nikamwambia gari litakunywa yanayobaki. Wanawake walisogea kutazama. Sikuona haya. Nilisugua tope lile jekundu kwa viganja, kati ya kidole na kidole, na machozi yakanitoka nikayaacha yatoke. Nilimwambia asante, nikairudia, kwa Kiswahili na kwa Kihaya, mpaka nikaona inatosha.

Aliinama karibu na sikio langu ili wengine wasisikie. "Walikusubiri?"

"Hapana," nikamwambia. "Nilikuta wanasoma jina la kabla yangu."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepata jibu la hesabu alilolitarajia, akaninyooshea mguu wa pili.